Milima ya Uganda iko mpakani, wapandaji wake wanatafutana Kampala

Dereva wa lori anayesubiri zamu yake Malaba huwa na muda mwingi wa kutazama. Kilomita chache mbele, upande wa Uganda, mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya mji, karibu mita 300 kutoka usawa wa maduka. Kwa madereva na wachuuzi ni alama ya njia tu: ukiuona, umefika Uganda. Ni wachache waliowahi kufikiria kuupanda, ingawa kilele chake hufikiwa kwa mwendo wa saa moja hivi, na pale penye mteremko mkali zimewekwa ngazi.

Zaidi ya kilomita 200 magharibi yake, jijini Kampala, kuna vijana wanaotafuta mwamba wa kupanda. Wanatafuta pia mtu wa kuwashikia kamba, na huyo ni mgumu kupatikana kuliko mwamba wenyewe. Wanaulizana kazini, vyuoni, kwenye makundi ya simu. Mmoja ana kamba, mwingine ana gari, wa tatu ana siku moja tu ya mapumziko, na siku hizo tatu hazikutani. Mwisho wa wiki unapita.

Mtu wa mbali atashangaa. Kampala si mji wa vilima? Ni kweli, husemwa ulijengwa juu ya vilima saba, na leo umemeza vingine vingi. Lakini vilima hivyo ni vya udongo mwekundu, vya mviringo, na nyumba zimejaa hadi juu. Kololo, Naguru na Muyenga vinamtosha anayetaka kukimbia alfajiri au kutembea hadi jasho limtoke. Anayetaka ngazi anaweza kwenda Old Kampala akapanda mnara wa msikiti wa taifa, ngazi zaidi ya 300, akauona mji wote chini yake, pamoja na kituo cha zamani cha matatu, ambacho kwa juu kinaonekana kama sinia la dagaa. Hayo ni mazoezi mazuri. Lakini si kupanda mwamba kwa mikono na vidole.

Pale ambapo jiwe limejitokeza Kampala, tayari lina wenyewe. Kule Kireka, mtaa unaojulikana kama Acholi Quarter, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini wamepasua mawe kwa nyundo kwa miaka mingi, wakiuza kokoto kwa wajenzi. Kwenda hapo na kamba za rangi na viatu vya kubana ili kucheza juu ya riziki ya mtu ni utovu wa adabu. Tena si salama: mwamba uliokwisha kupigwa nyundo au baruti una nyufa zisizoonekana, na kipande unachokishika kinaweza kubaki mkononi.

Kuhusu mshika kamba, inafaa kueleza vizuri, kwa sababu wengi hudhani kupanda mwamba ni ushujaa wa mtu mmoja. Mpandaji hujifunga kamba kwenye mshipi wa kiunoni na mapajani. Kamba hiyo hupita juu kwenye nanga iliyofungwa mwambani, au kwenye vyuma anavyovikuta njiani, kisha hurudi chini kwa mwenzake, ambaye naye ameipitisha kwenye kifaa cha chuma kilicho kiunoni pake. Mpandaji akipanda, mwenzake anavuta kamba au anaiachia kidogo kidogo. Mpandaji akiteleza, mwenzake anaibana, na kifaa kinaishika. Akiwa anaongea na simu wakati huo, habari imekwisha. Ndiyo maana mpandaji hamwokoti mshika kamba barabarani. Anamtafuta mtu aliyemwona akifanya kazi hiyo, ambaye anajua kukagua fundo la mwenzake kabla ya kuondoka chini, na ambaye haoni aibu kusema "shuka, leo hapana". Mfanyabiashara anayepeleka unga Juba kwa mkopo, mkononi mwa wakala aliyejulishwa na rafiki wa rafiki, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kampala ina klabu ya kupanda milima, na si ya jana. Mountain Club of Uganda ina mizizi katika miaka ya 1940, wakati wapandaji wa makoloni haya walipokuwa na klabu moja, Mountain Club of East Africa, yenye matawi. Tawi la Kenya lilijitenga mwaka 1949 likawa Mountain Club of Kenya. Kwa maneno mengine wapanda milima walikuwa na jumuiya yao kabla ya ile ya mwaka 1967, na wakagawana kabla ya ile ya 1967 kuvunjika 1977. Haikuwa jumuiya ya kila mtu. Ilikuwa klabu ya wazungu wa serikali, wahadhiri na wenye mashamba, na Waafrika waliokwenda nao walibeba mizigo. Hata hivyo kazi yao inaonekana hadi leo: vibanda vya kulala Rwenzori, njia zilizopewa majina, na kitabu cha mwongozo wa Rwenzori cha Henry Osmaston na David Pasteur kilichotoka mwaka 1972. Huo ulikuwa mwaka ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia, na miaka iliyofuata haikuwa ya mtu kwenda mlimani kwa starehe.

Wenyeji nao hawakungoja kukaribishwa. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro. Usiku wa uhuru wa Kenya, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera Mlima Kenya. Vizazi vya shule vimefundishwa picha hizo. Ila somo lililobaki vichwani ni kwamba mlima ni wa sherehe za taifa na wa watalii, na raia wa kawaida anautazama kwa chini.

Hali hiyo sasa inabadilika. Vikundi vya matembezi ya milimani vimeongezeka Kampala na Nairobi, na wengi waliomo ni vijana wa hapa wanaolipa kwa awamu, kama watu wanavyochanga harusi. Tatizo ni kwamba wanaotaka mwamba na kamba bado wanategemea wageni wa mikataba ya miaka miwili mitatu. Mgeni huja na kamba yake, anafundisha wawili watatu, mkataba unakwisha, anaondoka na kamba. Kundi linaanza upya. Utaratibu wa namna hiyo hauwezi kujenga mchezo, na hakuna sababu ya kuuendeleza.

Kosa kubwa ni kutafuta ndani ya jiji kitu ambacho jiji halina. Tazama ramani ya Uganda. Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, kiko kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Wagagai, kilele cha Elgon chenye mita 4,321, kiko Uganda, lakini mlima wenyewe umelala juu ya mpaka na Kenya. Muhavura, mita 4,127, umekatwa na mpaka wa Rwanda. Juu ya Sabyinyo mpandaji anasimama mahali Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Hata mwamba wa Tororo uko hatua chache kutoka Malaba. Milima yote mikubwa ya nchi hii iko pembezoni. Kampala iko katikati, ikiwa na vilima vya udongo.

Sasa ni nani anayezijua njia za kwenda huko? Si mfanyakazi wa ofisi ya Nakasero. Ni mwanamke wa Busia anayelala Kampala usiku mmoja kila wiki karibu na Kikuubo. Ni kijana wa Kasese anayevusha bidhaa kwenda soko la Mpondwe siku za mnada. Ni wachuuzi wa Lwakhakha, wa Suam, wa Cyanika. Wanajua basi lipi linaondoka saa ngapi, wapi pa kulala bila kuibiwa, shilingi ipi inakubalika upande upi, na nani wa kupigiwa simu gari likiharibika. Wanasema Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kazi mipakani hata pale Kampala inapokionea haya. Wapandaji wa jiji hutumia nusu ya bajeti yao kununua maarifa ambayo watu hawa wanayo bure.

Kwa hiyo hoja ni hii: klabu za Kampala na Nairobi ziache kujifungia kila moja katika mji wake mkuu, zikutane mpakani, na watu wa mpakani wawe wenyeji wa shughuli hiyo, si wabeba mizigo tu.

Nairobi ina kitu cha kutoa. Wapandaji wake wana Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, na kuta za Hell's Gate karibu na Naivasha, na wamekuwa wakizipanda kwa miongo mingi. Wapo wengi wanaojua kushika kamba na kuwafundisha wengine. Kijana wa Kampala aliyekosa mwenzake mjini kwake angeweza kulala kwenye basi usiku mmoja akaamkia Nairobi, kama wafanyavyo wanaofuata nguo Gikomba. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Hakuna viza ya kumzuia.

Uganda nayo ina Sipi, huko Kapchorwa, kwenye mabega ya Elgon. Karibu na maporomoko yale, ambayo kubwa lake huanguka karibu mita 100, kuna njia za mwambani zilizotobolewa na kuwekwa vyuma vya kupitishia kamba, na vijana wa pale huwashusha wageni kwa kamba kando ya maji. Kwa mtu wa Bungoma au Kitale, Sipi iko karibu kuliko Lukenya. Ila si wengi wa huko wanaojua kwamba ipo, na wanaojua hudhani ni ya wazungu.

Kuna suala la vifaa, na hapa wafanyabiashara wasikilize kwa sikio la pili. Viatu vya mlimani, makoti ya mvua na mikoba mikubwa ya mgongoni hupatikana Owino na Gikomba kwa bei ambayo duka la Ulaya lingeona ni utani. Anayejua kuchagua bunda anaweza kuvisha kundi zima. Lakini kamba na mshipi ni habari nyingine kabisa, na yeyote anayeviuza vya mtumba anauza ajali. Kamba ya kupandia hutengenezwa kwa nyuzi za nailoni ndani ya ala iliyosukwa, na imepimwa ili inyumbuke kidogo mtu anapoanguka, ili isimvunje mgongo. Jua huila. Tindikali ya betri huila bila kuacha alama. Ikishawahi kubeba anguko kubwa haifai tena, na hakuna awezaye kuijua historia yake kwa kuipapasa sokoni. Kamba ya kufungia turubai la lori, hata iwe mpya na nene kama mkono, hainyumbuki inavyotakiwa. Kamba halali ina alama ya kipimo, EN 892 au UIAA, na karatasi yake. Vijana wa Kampala wanaitafuta, na mara nyingi humwagiza msafiri aje nayo begani kutoka ng'ambo. Soko ni dogo, ni kweli. Lakini Kampala, Nairobi, Arusha, Kasese na Musanze zikihesabiwa pamoja si dogo kiasi hicho, na bado halijapata mtu wa kulihudumia kama soko moja.

Kinachokera zaidi ni Elgon. Wamasaba na Wabukusu, Wasabiny na Wasabaot, ni ndugu waliotenganishwa na mstari wa mkoloni, na njia za mlima huo zilikuwa njia za biashara kabla ya kuwapo forodha. Wazee wa Bungoma bado wanaikumbuka Chepkube ya miaka ya 1970, wakati kahawa ya Uganda ilipomiminika kwa magendo, wengine wakiibeba kichwani usiku, na kijiji kikageuka mji kwa msimu. Leo barabara ya lami ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, imefupisha safari ya chini. Juu mlimani hali ni tofauti. Anayepanda kutoka Uganda akitaka kuteremka Kenya kupitia bonde la kileleni lazima apange mapema na mamlaka za wanyamapori za pande zote mbili, alipe kote kuwili, na ashughulikie uhamiaji wake. Wengi wakishaelezwa hayo hurudi kwa njia waliyopandia.

Watasema usalama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Februari 2008 mtalii wa Ubelgiji aliuawa kwa risasi usiku akiwa kambini Elgon, na hadi leo wapandaji hufuatana na askari wa hifadhi wenye silaha. Lakini mlima wenye nchi mbili hauwezi kulindwa na nchi moja moja. Askari anayeishia kwenye mstari usioonekana hamsaidii mtu aliyevunjika mguu hatua 50 mbele yake. Busia na Malaba zilikuwa na visingizio hivyohivyo, hadi maofisa wa pande mbili wakawekwa chini ya paa moja. Mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 leo ana cheti chepesi cha asili ya bidhaa, anajaza pale pale mpakani na kuendelea na safari. Ni vigumu kueleza kwa nini gunia la maharage lina utaratibu huo na mtu mwenye mkoba wa mgongoni hana. Kibali kimoja cha Elgon, kinacholipiwa mara moja na kutambuliwa Mbale na Kitale, hakihitaji mkutano wa marais. Kinahitaji wakuu wawili wa hifadhi na ofisa mmoja wa uhamiaji kila upande.

Bei isiwe kisingizio pia. Hifadhi za ukanda huu zina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, ambacho ni sehemu ndogo ya kile anacholipa mgeni wa mbali kwa dola. Tatizo ni kwamba raia wengi hawajui wanastahili, wanasikia bei ya dola redioni au kwa jirani na kufunga mjadala. Hilo halihitaji sera mpya. Linahitaji kibao kikubwa cha Kiswahili pale Mpondwe, Suam na Cyanika, chenye bei kwa shilingi na faranga.

Wapo watakaouliza mchuuzi ana nafasi gani ya kupanda mawe wakati marejesho ya mkopo yanamngoja Jumatatu. Swali ni la haki. Wengi hawatapanda, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini mtu anayekaa saa kumi ndani ya basi, kisha siku nzima kwenye kiti cha duka, mwili wake unamdai, na watoto wake wanakulia chini ya milima ambayo hawajawahi kuigusa. Kundi la watu 20 linalolala Tororo usiku mmoja linakula, linalala, linanunua maji na betri, linapanda boda. Wakonzo wa upande wa Kasese wameishi kwa kazi ya kuongoza na kubeba Rwenzori tangu msafara wa Mtawala wa Abruzzi wa mwaka 1906. Watu wa Tororo hawana sababu ya kuendelea kuuza chai kwa madereva peke yao.

Mahali pa kuanzia si Elgon wala Rwenzori. Ni Tororo. Mwamba uko mjini, hauhitaji siku tano, na ngazi zake zinamfaa hata mtu asiyejua kamba. Wenye ujuzi wangeweza kuukagua na kusema wazi wapi pamefaa kwa kamba na wapi pasiguswe, kwa ridhaa ya wenye eneo na wenye minara ya mawasiliano iliyo juu. Klabu ya Kampala ilete watu kumi, ya Nairobi kumi, na Malaba, Busia na Tororo zitoe wengine. Siku nzima itumike chini kabisa kufundishana kushika kamba, kabla ya yeyote kwenda juu.

Watahitaji pia kukubaliana maneno. Wapandaji wa jiji hupigiana kelele kwa Kiingereza, na upepo ukivuma nusu yake hupotea. Wapakiaji wa malori hapo Malaba wana maneno yaliyokwisha kupimwa kwa kazi: kaza, legeza, ngoja, achia. Mganda anayesema "kwata" ataeleweka akisema "shika" baada ya mara mbili. Basi la usiku kutoka Nairobi hufika Malaba alfajiri, na anayetoka Kampala mapema huwa Tororo kabla ya adhuhuri. Jumamosi ya kwanza baada ya mvua, jiwe likiwa limekauka, ingefaa.